Anwani Hiyo Haipo

Jumatatu, 3 Februari

Kiroboto,

Salamu leo sina. Niliamka nazo, lakini ziliniishia saa nne asubuhi, mteja wa kwanza alipoingia dukani na karatasi mkononi akaniuliza, "Mama, na wewe uko pamoja nao?" Pamoja na nani? Akaibwaga karatasi juu ya kibodi.

Nakunukulia, maana wewe ndiye mtu wa magazeti: "Wananchi wote wanaarifiwa kwamba kuanzia tarehe mosi Machi, kila ujumbe wa barua pepe utakaotumwa au kupokelewa utatozwa kodi sawa na bei ya stempu moja. Jumbe za miezi sita iliyopita zitahesabiwa pia. Endapo kama mtumiaji atakaidi, mali zake zitashikiliwa." Chini imeandikwa Sheria Na. 1163/K, na mhuri wa mviringo. Ilianza kama barua pepe, watu wakaichapa, wakaitoa fotokopi, na sasa iko kwenye kila nguzo ya umeme kutoka sokoni mpaka hospitali.

Miezi sita nyuma! Uliyoyasema mwaka jana uyalipie mwaka huu! Kesho watatutoza kwa kukohoa.

Unawajua wateja wangu. Vijana wa michezo ya kompyuta wana maduka yao. Wangu ni watu wazima wenye watoto ng'ambo, wananisimulia na mimi napiga chapa. Yupo Mzee Mwashi, fundi aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa huu kabla macho hayajamfifia. Kila Ijumaa anakuja kumwandikia binti yake wa pekee, anayefanya kazi za ndani kwenye nyumba ya watu huko nje. Huwa anaongea kwa sauti ya juu mpaka wapita njia wanageuka, kwa sababu, anasema, binti yuko mbali. Leo si Ijumaa, lakini alikuja, na akaninong'oneza: "Mwanangu, ni maneno mangapi ndiyo ujumbe mmoja?" Nilitaka kuvunja kitu.

Sasa sikia. Wewe uko mji mkuu, uko gazetini, unapishana na wakubwa kwenye korido. Uliza. Andika. Watie aibu mpaka wajifiche. Na mimi kuanzia leo sikutumii barua pepe hata moja. Ndiyo, mimi mwenye kompyuta nne. Nitapita posta, na wao wakae na kodi yao.

Dada yako


Jumatatu, 10 Februari

Dada yangu mpendwa,

Barua yako imefika. Umeikandamiza kalamu mpaka naweza kuisoma kwa vidole upande wa nyuma.

Kwanza tucheke. Umeikimbia kodi ya stempu moja ukaenda kununua stempu. Hiyo posta ni ya nani, Dada?

Pili, tuache kucheka. Hiyo kodi haipo. Ni uvumi tu, mtu kakaa mahali akatunga. Hapa ofisini hakuna anayeuchukulia kwa uzito, ndiyo maana hujauona gazetini. Usijichoshe. Na tafadhali, hata wakikuomba, usifunge anwani ya barua pepe ya mtu yeyote. Endapo kama kuna mteja mwenye wasiwasi, mwambie asubiri tarehe mosi ipite, ataona mwenyewe.

Mimi ni mzima. Mhariri wangu bado anazitupa habari zangu ukurasa wa kumi na sita, chini ya fumbo la maneno. Ile ya wodi ya wazazi, kina mama wanaoambiwa waje na uzi wao wa kushonwa, ilitoka mwezi uliopita. Sijapata barua hata moja ya msomaji, hata ya kunitukana. Lakini watu wakisikia kodi ya barua pepe, mji mzima unasimama. Inashangaza, sivyo?

Mdogo wako


Jumatatu, 17 Februari

Wewe,

"Inashangaza, sivyo?" Hivyo ndivyo unavyoniandikia mimi, niliyekulea tangu mama afariki? Kama mtu anayetazama mpira kutoka kwenye kivuli?

Unajuaje kwamba ni uvumi? Ulipiga simu wizarani? Nani alipokea? "Mtu kakaa mahali akatunga": mtu gani, mahali gani? Umeandika kurasa mbili na hujanipa jina la mtu mmoja. Mimi nimemuuliza mwalimu mkuu mstaafu hapa mtaani, akavaa miwani, akasema namba za sheria huandikwa hivyohivyo. Yeye angalau aliitazama karatasi.

Najua kilichokupata. Umeanza kula nao meza moja. Mtu akishashiba kwao, jambo la kwanza anawaambia ndugu zake watulie.

Barua yako ilifika Alhamisi. Niliiweka chini ya printa, nikasema ngoja nimpe siku moja, labda kesho ataandika kitu gazetini. Ijumaa nikanunua gazeti, nikalisoma mpaka matangazo ya vifo. Hakuna. Basi Ijumaa hiyohiyo, tarehe kumi na nne, nikaanza kuwafungia watu anwani zao kama walivyokuwa wakiniomba wiki nzima. Kumi na mmoja kwa siku moja. Kompyuta inakuuliza kila mara: una uhakika? Nikawa najibu kwa sauti, ndiyo, nina uhakika, mbwa wewe.

Mzee Mwashi alikuwa wa mwisho. Aliniomba nimsomee jumbe zote za binti yake kabla hazijafutwa. Nilisoma mpaka koo likakauka. Nikamwambia, "Baba, tumwandikie mmoja wa kumuaga, ajue." Akakataa. "Na yeye atatozwa kwa kuupokea, na mshahara wake naujua. Tutamtumia karatasi." Tukaandika karatasi, tukaituma kwa anwani ya wakala aliyempeleka, huko kwenu mji mkuu, maana huko aliko hana sanduku la posta. Kisha akasema, "Haya, bonyeza," akageuza uso dirishani kama mtu anayechomwa sindano.

Jumatano ya wiki ijayo, tarehe ishirini na sita, tunaenda ofisi ya kodi. Wenye maduka, wazee wangu wote, na kina mama wa sokoni ambao hawajagusa kompyuta maisha yao. Wamesema wakiachia hii, inayofuata ni yao. Wewe kaa na fumbo lako la maneno.

Dada


Ijumaa, 21 Februari

Dada,

Nakuomba, kwa roho ya mama, usiende. Unaweza kunitukana utakavyo, lakini usiende kwenye ofisi hiyo. Utaaibika, na utaumia.

Kuna jambo nataka kukueleza, ila si la kuandika. Nikipata ruhusa mwezi ujao nitakuja, tukae sebuleni, nikwambie ana kwa ana. Niamini tu kwa sasa.

Sijahongwa na mtu.

Mdogo wako


Jumamosi, 1 Machi

Leo ndiyo tarehe mosi. Asubuhi nimetuma barua pepe moja kwa muuza karatasi, kumwambia aniletee boksi mbili. Ikaenda. Hakuna aliyenitoza kitu.

Ile barua yako ya kuniomba nisiende nimeikuta leo mlangoni. Ilifika siku niliyokuwa mahabusu. Ndiyo, dada yako amelala mahabusu siku mbili. Ngoja nikusimulie ucheke, wewe unayependa kucheka.

Tulikuwa kama mia mbili. Tuliingia kwa adabu, tukapanga foleni, mimi mbele. Dirisha la tatu kuna ofisa mmoja mnene, mpole, ana kalamu nne mfukoni. Aliisoma karatasi taratibu, akaigeuza, akatazama nyuma, akaanza kucheka. Si kwa dharau, sasa hivi naona. Alicheka kama mtu aliyechoka. "Mama," akasema, "hii haina hata sahihi. Na tutawatozaje? Jengo hili lote lina kompyuta moja, na imekufa." Watu nyuma yangu wakaguna. Mmoja akapaza sauti, "Anatuficha!" Nilikuwa na stepla kwenye mkoba, ile ya chuma. Sikumbuki kuitoa. Nakumbuka kioo kikimwagika mezani na yule mnene amejifunika uso kwa mikono.

Hakuumia, ashukuriwe Mungu. Alikuja mwenyewe kituoni jana kusema hataki kesi, nilipe kioo yaishe. Alinisalimia. Nilishindwa kumtazama.

Sasa tuje kwako. Kule ndani walininyang'anya mkoba na mkanda, lakini karatasi ilikuwa imebaki mfukoni. Mchana kulikuwa na mwanga wa dirisha na sina la kufanya. Nikaisoma. Kwa mwezi mzima nilikuwa nimeifokea ile karatasi, nimeitikisa, nimeitoa nakala, lakini sikuwahi kuisoma kama mpiga chapa.

"Endapo kama."

Nani aliyekufundisha kwamba ni "endapo" au ni "kama", na si vyote viwili? Nani alikuwa anakupiga rula ya vidole kila insha? Nikajisemea, wanaokosea hivyo ni wengi. Nikashuka chini kwenye namba ya sheria.

1163/K. Niliibeba ile kadi kwa wiki tano. Niliionyesha mlangoni asubuhi na jioni. Niliionyesha kwenye dirisha la dawa siku waliyosema dripu hakuna, katafuteni nje, tukatafuta, tukarudi mama ameshafunikwa shuka. Namba ya kadi ya mama ya wodini, Kiroboto. Tunaijua watu wawili tu duniani.

Niandikie. Usinipigie hadithi za sebuleni. Niandikie: ni wewe au si wewe.


Jumamosi, 8 Machi

Dada,

Ni mimi.

Niliiandika mwisho wa Januari, saa ya chakula cha mchana, wenzangu wameshuka chini kula. Mhuri niliukata kwenye risiti ya maji. Namba, nilikuwa natafuta namba yoyote, na hiyo ndiyo iliyokuja mkononi. Sikufikiri. Au labda nilifikiri.

Siku ile nilikuwa nimetoka kwa mhariri. Nilimuuliza kwa nini habari ya wodi ya wazazi ameibana pale chini, akaniambia, "Kijana, hayo hayamuumi mtu. Watu wameshazoea." Nilirudi kwenye kiti changu. Miezi mitatu niliizungukia ile habari, Dada. Nilikaa na mwanamke aliyeshonwa kwa uzi wa kushonea magunia. Na watu wameshazoea! Nikasema haya, ngoja nione ni kitu gani hawajazoea. Nikatunga, nikawatumia watu sita. Nilidhani watacheka, wataituma kwa wengine kumi, itakufa.

Siku ya tatu ikanirudia kutoka kwa mhariri mwenyewe, ameandika juu yake: "Fuatilia hili, ukurasa wa kwanza." Sikufichi kitu, nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikamwambia nimeulizia, ni uzushi, akaiacha. Nikatuma pia ujumbe wa kukanusha, bila jina. Majibu yote yalikuwa kama yako: umehongwa kiasi gani?

Ulipoandika mara ya kwanza, nilitaka kukwambia. Niliandika "Dada, ni mimi" nikachana. Niliona aibu, na nikaona tarehe mosi iko karibu, itapita na kila kitu kitaisha chenyewe. Kioo nitakilipa mimi. Namshukuru Mungu, angalau hakuna aliyeumia zaidi ya wewe na kioo.

Nisamehe.

Mdogo wako


Jumamosi, 22 Machi

"Hakuna aliyeumia."

Nilikuwa nimeanza kukusamehe. Nakwambia ukweli. Habari ya uzi wa magunia ilinishika, nikasema mtoto huyu hasira zake nazijua zimetoka wapi, zimetoka kwenye mlango uleule niliokuwa nimesimama mimi. Nilikuwa na barua nusu, maneno mazuri mazuri. Nimeichana jana.

Jana ilikuwa Ijumaa. Mzee Mwashi alikuja. Anwani hana tena, lakini Ijumaa bado anakuja, anakaa kwenye benchi, ananiuliza kama karatasi yetu imejibiwa. Mimi nimemwambia kodi ni ya uongo, nimemwomba tumfungulie anwani nyingine, akasema tungoje kwanza jibu la karatasi, asije akamchanganya binti. Tukiwa hapo, mtu wa posta akaleta bahasha. Stempu ni ya humu nchini; kumbe kuna mwanamke aliyerudi kutoka huko ameibeba kifuani akaja kuituma akiwa ametua. Juu imeandikwa: "Kwa mama mwenye duka la kompyuta."

Mzee akauliza, "Ni ya mwanangu?" Nikasema ndiyo. "Isome." Nikafungua, nikaanza kwa sauti, kabla sijaipitia kwa macho. Hilo ndilo kosa langu la pili. Nakunukulia, kama nilivyokunukulia ile ya kwanza:

"Mama, shikamoo. Samahani, jina lako silijui, baba hukuita tu mwanangu. Mkataba wangu umeisha mwisho wa Februari. Wakala alisema nitaruhusiwa kurudi ikiwa baba ataandika kwamba ananihitaji nyumbani, kabla ya tarehe ishirini na nane. Humu ndani nagusa kompyuta dakika chache watoto wakiwa kuoga. Nimemwandikia baba mara nne, tarehe kumi na nane, ishirini, ishirini na tatu na ishirini na saba. Kila mara najibiwa kwamba anwani hiyo haipo. Baba hawezi kuacha kuniandikia bila kusema. Nimeelewa. Nimetia sahihi mkataba mwingine wa miaka miwili, kwa sababu nyumbani sina tena wa kumrudia. Naomba uniambie alifariki lini, na kama alizikwa karibu na mama."

Katikati nilisimama. Akasema, "Soma yote." Nikasoma yote.

Hakulia. Alijishika kifundo cha mkono, hapa kwenye mshipa, kama anayehakikisha kitu. Akasema, "Kwa hiyo amekaa matanga peke yake." Kisha akauliza, "Ile karatasi ya kodi, nani aliiandika? Mlishamjua?"

Ningeweza kusema hapana. Nina mdogo mmoja tu. Nikamwambia, "Ni mdogo wangu, baba. Tumbo moja." Akanitazama kwa yale macho yake yenye ukungu, akachukua fimbo yake, akaondoka.

Sasa nihesabie siku, wewe mwenye akili. Barua yako ya kunichekesha na stempu ilinifikia Alhamisi, tarehe kumi na tatu. Anwani nimeifunga Ijumaa, kumi na nne. Kati hapo nilikuwa na siku nzima nangojea neno lako. "Dada, ni mimi." Maneno matatu! Uliyaandika, umesema mwenyewe, ukayachana ukaniandikia habari za fumbo la maneno. Uongo wako ungeweza kusamehewa, ulikuwa na uchungu wako ndani yake. Ila huku kunyamaza, ukijua, ukiniona napiga kelele kama mwendawazimu, ukaniita mpendwa!

Na mimi sijinasui. Kidole kilichobonyeza ni hiki ninachoandikia. Una uhakika? Ndiyo, nina uhakika.

Usiniombe msamaha tena. Mimi si wa kuombwa.


Jumatatu, 31 Machi

Dada,

Nimekaa na barua yako siku mbili bila kwenda kazini. Siku ya tatu nikaenda kwa mhariri, nikamweleza yote, nikamwomba aandike kwamba kodi ile niliitunga mimi, na jina langu liwekwe wazi. Ameiweka ukurasa wa kwanza, na picha yangu. Nakala nimeifunga humu. Kibarua kimeota nyasi siku hiyohiyo, nimepewa boksi la kubebea vitu vyangu na mlinzi wa kunisindikiza.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa wakala. Ofisi iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Kuna meza moja, kalenda mbili, na karani wa kike anayesema "kaa hapo" bila kuinua macho. Nilikaa kuanzia saa tano mpaka saa tisa. Nilipochoka nikamwendea nikasema nataka kujua kama barua ya Mzee Mwashi kwa binti yake ilitumwa. Akauliza iliandikwa lini. Nikasema tarehe kumi na nne Februari. Akavuta droo ya chini.

Dada, droo imejaa mpaka haifungi. Bahasha za kila rangi. Akapekua kidogo akaitoa, yenye chapa yako, haijafunguliwa. Nikamwuliza mbona iko hapa? Akajibu bila wasiwasi, "Tunangoja zijae ndipo tunazipeleka kwa pamoja." Nikaomba kumwona mkubwa. Mkubwa akatoka, akaniambia mkataba ni mkataba, binti ni mtu mzima, ametia sahihi, na pasipoti iko kwa mwajiri kwa usalama wake. Nikapandisha sauti. Wakaniitia mlinzi. Wiki hii ni mlinzi wa pili kunishika kiwiko.

Nimemwandikia binti kwa anwani yake ya barua pepe, ile uliyoipiga chapa juu ya bahasha, kumwambia baba yu hai. Hajajibu. Huenda wamegundua anagusa kompyuta.

Nimelipwa mshahara wangu wa mwisho. Nataka kumpa Mzee Mwashi wote. Na nataka kuja nimpigie magoti mbele ya watu. Niambie nije siku gani.

Mdogo wako


Jumatano, 9 Aprili

Kijana,

Ni mimi Mwashi. Dada yako anapiga chapa. Nimemwambia asinisahihishe na asinipunguzie ukali, na akimaliza anisomee nihakikishe.

Pesa zako kaa nazo. Utazihitaji kwa nauli.

Kuja, usije. Ukija utapiga magoti, utalia, na mimi nitaona ni mtoto wa watu aliyekonda, nitakuinua. Nina hasira na wewe na sitaki mtu aniondolee. Zinanisaidia kuamka asubuhi.

Dada yako amenisomea gazeti lako. Umeandika vizuri, umejitukana vya kutosha. Watu wamekusoma, wamesikitika, kisha gazeti wamelifungia maandazi. Binti yangu bado anafua nguo za watu akijua ni yatima. Sasa umemaliza nini?

Zamani nilijenga ukuta wa shule na watu wangu watatu. Kufika dirishani nikapima, nikakuta umepinda kutoka kozi ya nne, mstari wa nne wa matofali. Mkandarasi akasema piga lipu, nani ataona. Nilibomoa kozi kumi kwa nyundo na mikono hii, jua kali, bila malipo, na wale watatu wakanichukia mwezi mzima. Sikumwomba mtu radhi. Nilibomoa nikajenga. Najua kazi hiyo inavyouma mgongo, na ndiyo ninayokupa.

Nasikia huna kazi. Basi mimi nimekuajiri. Kila siku ya kazi utapanda ile ghorofa ya tatu. Wakikwambia kaa hapo, usikae, aliyekaa husahaulika. Simama mahali karani hawezi kuinuka bila kukupita. La kwanza, barua yangu itoke kwenye droo ile na imfikie, na yeye aandike kwa mkono wake kwamba ameipata. La pili, pasipoti. La tatu, mkataba wenyewe, aliutia sahihi kwa kudanganyika, tafuta mtu wa sheria aniambie kama huo ni mkataba. Wakikutoa nje, kesho rudi. Kila Ijumaa unamwandikia dada yako umefika wapi, na mimi nitakuwa kwenye benchi nasikiliza. Siku utakayoandika umechoka, usiandike, lala uamke uende.

Tena kuna hili. Droo umesema imejaa. Kila bahasha iliyomo ina mzazi wake, na nyuma ya kila bahasha kuna anwani ya aliyetuma. Mwombe karani, mwimbie, fanya uwezavyo, upate anwani hizo. Waandikie wazazi wote kwamba barua zao hazijaondoka mjini. Weka jina lako. Wapo watakaosema ni mzushi yuleyule. Stahimili, hilo ulilinunua mwenyewe. Lakini uliwatoa watu mia mbili majumbani kwa kitu ambacho hakikuwepo. Hiki kipo, kiko kwenye droo, nenda kawatoe tena. Dada yako amesema safari hii ataacha stepla nyumbani. Mimi nimemwambia aje nayo.

Dada yako amepiga simu pale kujifanya anatafuta kazi ng'ambo. Wanafungua saa mbili asubuhi. Jumatatu saa moja na nusu uwe mlangoni.

Baba yake, mzima wa afya